Chardonnay ya maeneo ya baridi: ipi ununue, na chupa ipi uiache dukani

Lalamiko la wanywaji wa Dar es Salaam na Nairobi ni lile lile: lebo ya Chardonnay, mvinyo mweupe, imeahidi ndimu na tufaha bichi, glasini unakuta tufaha lililochemshwa. Analaumiwa mkulima, wakati mara nyingi kosa ni la rafu ya duka ilikokaa chupa.

Zabibu ya Chardonnay hufuata hali ya hewa kuliko zabibu nyingi. Kwenye joto sukari hupanda haraka na asidi hushuka, ukapata nanasi, embe na kilevi cha asilimia 14. Kwenye baridi huiva polepole na uchachu hubaki: ndimu, peasi, chumvi kidogo ulimini. Unacholipia ni huo ubichi, nao ndio wa kwanza kufa chupa ikikaa wiki kadhaa kwenye nyuzi 30.

Kwa hiyo kabla ya jina, shika shingo. Zungusha foili, ile karatasi inayofunika kizibo; ikigoma, huenda mvinyo umevuja ukakauka chini yake. Pitisha kidole gumba juu: kizibo kikijitokeza kuliko mdomo wa chupa, mvinyo ulipashwa joto, ukatanuka, ukakisukuma. Inyanyue kwenye mwanga pia: chupa ya miaka 2 haina sababu ya kuwa na rangi ya chai. Yenye kifuniko cha kuzungusha haivimbi, basi omba iliyo ndani ya boksi stoo, si ya dirishani iliyopigwa na taa tangu Krismasi.

Namba moja kwangu, bila kuficha upendeleo, ni Hamilton Russell Vineyards, Afrika Kusini. Shamba liko bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa Hermanus. Upepo wa bahari baridi unaingia bondeni, na udongo ni wa mfinyanzi wenye mawe. Shamba lilinunuliwa 1975, na sasa wamejifunga na Chardonnay na Pinot noir, zabibu ya mvinyo mwekundu, na pipa la mwaloni halifuniki tunda. Inywe kwenye nyuzi 10 hadi 12. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji ya nyuzi 4 haina harufu, iache mezani dakika 15.

Ya pili ni ya shamba la Paul Cluver huko Elgin, pia Afrika Kusini, nyanda za juu zinazojulikana zaidi kwa matufaha. Ni nyepesi kidogo, na kwa kawaida bei yake haiumi kama ya kwanza.

Chablis, ambayo ni Chardonnay ya Ufaransa, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo maarufu. Chokaa yake yenye visukuku vya chaza, kandokando ya mto Serein, hutoa mvinyo mkavu, mkali, mzuri kwa samaki na chaza. Ila barafu ya Aprili ilikata mavuno 2016, 2017 na 2021, bei nazo zikapanda.

Za bei nafuu zilizoandikwa "Western Cape" tu: eneo hilo la Afrika Kusini ni kubwa mno, zabibu zaweza kutoka bonde la joto. Pikia.

Kinachoudhi ni wauzaji. Kiyoyozi kinawaka mchana wateja wakiwepo, usiku kinazimwa, halafu chupa iliyokaa miaka juu ya rafu inauzwa bei ya mpya, eti "mvinyo hauharibiki". Ukifungua ukaona imepikika, irudishe siku hiyo hiyo na risiti, mvinyo ukiwa bado umejaa; chupa tupu hakuna atakayekusikiliza.