Kituo cha kupokea gesi: kielee baharini au kijengwe nchi kavu?

Gesi asilia iliyosindikwa husafirishwa ikiwa kimiminika, nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake umepungua takriban mara 600. Ikifika hupashwa joto irudi kuwa gesi. Ubishi ni pa kuipashia: kwenye meli iliyotia nanga, au kwenye mitambo ya nchi kavu?

Kwa haraka, meli haina mpinzani. Ujerumani ilivamiwa na uhaba wa gesi ya Urusi mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huohuo ikazindua kituo chake kinachoelea katika bandari ya Wilhelmshaven. Matangi ya nchi kavu yangechukua miaka.

Gharama ndiyo huwachanganya watu. Meli hukodishwa, kwa hiyo mwanzo ni mwepesi, lakini kodi haisubiri gesi itumike. Lithuania ilikodi meli iitwayo Independence mwaka 2014, na baada ya miaka kumi ikainunua kabisa. Misri nayo ilikodi mbili mwaka 2015, ikaachilia moja mwaka 2018 gesi yake yenyewe ilipoongezeka, kisha 2024 ikarudi kukodi. Jaribu kurudisha tangi la zege!

Matengenezo? Meli huenda chelezoni, na siku hizo pengo linabaki.

Mwenye dharura, au anayesubiri visima vyake vya gesi, akodi. Mwenye viwanda vitakavyoitegemea gesi miaka thelathini, tena pwani yake ina mawimbi makali, apige hesabu ya nchi kavu kwanza.