Sufuria za soko la jumla ugenini: alumini au stenlesi?

Kabla ya kuuliza bei, angalia jiko la nyumba uliyopanga. Kama ni la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, alumini tupu haitapata moto hata kidogo. Stenlesi nazo si zote zitakazopata moto. Nenda sokoni na sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse kwenye kitako cha sufuria. Iking'ang'ania, endelea kupatana bei. Ikidondoka, rudisha rafuni.

Kwa bei alumini inashinda, na kwa uzito pia: ni kama theluthi moja tu ya stenlesi ya ukubwa na unene uleule. Anayehamahama, au anayehesabu kilo za begi, ataipenda. Tena inasambaza moto vizuri. Stenlesi nyembamba huunguza wali katikati, pembeni bado mbichi.

Kudumu? Stenlesi. Nyanya na ndimu haziisumbui. Alumini hubonyea, na mchuzi mchachu ukilala humo huamka na ladha ya chuma.

Ila soko la jumla mara nyingi huuza kwa seti au dazeni. Unayeishi peke yako, tafuta wa kugawana naye, la sivyo sufuria moja nzito ya dukani yakutosha.