HONNE na albamu yao Love Me / Love Me Not: watu wawili, kinu kimoja

Habari zenu, karibuni sana. Leo sina simu wala spika mpya hapa mezani. Nina albamu. Inaitwa Love Me / Love Me Not, ya HONNE, jamaa wawili wa Uingereza: Andy Clutterbuck na James Hatcher. Ilitoka Agosti 2018, kwa hiyo si mpya, lakini nimekaa nayo wiki mbili mfululizo. Nimeisikiliza ndani ya daladala kwenda Posta, juu ya pantoni ya Kigamboni, na chumbani kwangu Sinza usiku, feni ikizunguka. Ni muziki wa soul uliopikwa kwa mashine, na imenishika kweli.

Nianze na jina, maana jina limebeba mengi. Honne ni neno la Kijapani: la moyoni, lile mtu analolihisi hasa. Mwenzake ni tatemae, lile unalowaonyesha watu. Na lebo yao wakaiita Tatemae Recordings! Aliyekulia na taarabu hapa Pwani hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Sisi mtu atakuimbia beti nzima za ndege na maua, na wewe kwenye kiti chako unajua kabisa unasemwa. HONNE hawafumbi. La moyoni wanalitoa waziwazi, ila kwa sauti ya chini.

Walikutana chuoni, na mwaka 2014 wakatoa Warm on a Cold Night, wimbo ulioanza kuwatambulisha. Unafunguliwa na sauti ya mtangazaji wa redio, usiku wa manane. Niliposikia mara ya kwanza nilikumbuka vipindi vya usiku vya redio zetu, pale mtangazaji anaposhusha sauti kana kwamba anaogopa kuwaamsha watoto. Mwaka 2016 ikafuata albamu ya jina hilohilo.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penye utamu. Mara nyingi mjini kwetu mwimbaji anaingia studio, anakuta biti ipo tayari, anaingiza sauti, anaondoka. Nyimbo kubwa za Bongo Fleva zimezaliwa hivyo na nazipenda. Lakini wakikaa pamoja watu walewale miaka kwa miaka, kuna kitu kinatokea. Tunao Navy Kenzo: Nahreel anapika biti, Aika anaimba, na ukisikiliza unaona nguo imeshonwa kwa kipimo cha mwenye kuivaa. HONNE ni hivyohivyo. Andy hana sauti ya kupasua paa. Anaimba kama mtu aliyekaa karibu na sikio lako. Ukimwekea mdundo mzito, anazama. Kwa hiyo kwenye Day 1 kinanda kinakaa pembeni, ngoma ni laini, na nafasi ya katikati ameachiwa yeye. Umeshawahi kuona kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja? Huyu anainua, yule anashusha, na michi haigongani. Huwezi kujifunza vile kwa siku moja ya studio.

Kwenye albamu yenyewe wameyagawa mapenzi pande mbili, upande wa raha na upande wa maumivu. Kila wimbo una alama ya duara lililojazwa nusu, kukuonyesha uko upande gani. Hata kabla ya albamu walikuwa wakizitoa mbilimbili: Day 1 ilikuja na Sometimes, nuru na kivuli chake. Kwa maoni yangu upande wa maumivu umeuzidi ule mwingine, tena kwa mbali. Feels So Good, waliyomshirikisha Anna of the North, ni tamu lakini inapita. Me & You imeokolewa na mgeni wao, mwanamuziki Tom Misch.

Location Unknown, waliyomshirikisha mwimbaji Georgia, hiyo ndiyo iliyonikalisha. Inamhusu mtu aliye mbali na ampendaye. Nilikuwa kwenye pantoni jioni, pembeni yangu mama mmoja na beseni lake la samaki wa Feri, anapiga simu nyumbani. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mmekula?" Akasikiliza, akatikisa kichwa, akakata. Na masikioni mwangu Georgia ndiyo kwanza anaingia. Niligeuka kuangalia maji.

Kasoro ipo. Mwendo wa nyimbo kadhaa unafanana, na ukisikiliza yote kwa mkupuo katikati unachoka. Pia msiisikilize kwa spika ya simu: besi inapotea kabisa, unabaki na nusu ya kazi. Ndani ya daladala nako, konda akianza kuita abiria, nyimbo za upole zinamezwa. Tafuta eafoni nzuri, na uipakue mapema ili usimalize bando njiani.

Mwaka huohuo wa 2018, RM wa BTS, lile kundi la Korea Kusini, alifanya nao kazi kwenye wimbo wake uitwao seoul, na masikio mengi ya Asia yakawageukia. Mwaka 2020 wakatoa mixtape ya No Song Without You, na 2021 albamu ya tatu. Hizo nitazifanyia video yake.

Wewe anza na Location Unknown. Usiku, taa imezimwa. Ikiisha irudie, na safari hii usifuate maneno, fuata vyombo tu. Utasikia vinavyomsubiri Andy amalize neno.