Dumu kubwa au chujio la bomba: ofisi ichukue lipi?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania 1 Juni 2019, lakini chupa za maji bado zimejaa mitaroni. Wafanyakazi mkishakubaliana kuachana nazo, ubishi unahamia hapa: madumu ya lita 18.9 ya kurudisha, au chujio la kufunga kwenye bomba?

Kwa kuanza, dumu ni jepesi kwa mfuko. Mnachangishana, mnalinunua mara moja, kisha mnalipia maji tu. Chujio linataka fedha nyingi siku ya kwanza, fundi, na ruhusa ya mwenye nyumba kama mmepanga. Baada ya hapo mnalipia vichungi na bili ya maji.

Uhakika ndio penye kazi. Maji ya bomba Dar hukatika; bila simtanki, chujio ni pambo. Na lile la pampu hulala umeme ukienda. Dumu halijali hayo, ila linangoja bodaboda au guta, na mtu wa kulipandisha. Kwetu ni ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na kila dumu likifika watu wote ghafla wana kikao.

Usafi? Dispensa, ile mashine ya kutolea maji ya dumu, huoshwa; kichungi cha chujio hubadilishwa. Vyote husahaulika asipotajwa mtu kwa jina.

Ofisi ya watu watano, chumba cha kupanga Kariakoo: ningechukua dumu. Watu hamsini wenye tangi lao: chujio, na dumu moja la akiba pembeni.