Miguu wamenirudishia, kwa saa wamenitukana

Nilipanga kuisifia hii kliniki ya mazoezi ya moyo. Baada ya upasuaji nilikuwa mtu wa kukumbatia mto kifuani kila nikitaka kukohoa. Siku ya kwanza vijana wa mazoezi walinitembeza koridoni dakika sita, kidude kidoleni kinapima oksijeni, nikaomba kiti mara mbili. Sasa nabeba mchele wangu kutoka dukani mwenyewe.

Halafu ikaja siku ya karatasi.

Eti damu isipofika vizuri ubongo nao huumia, kwa hiyo wanapima na kumbukumbu. Sawa. Akaja dada mmoja, shikamoo hana, macho kwenye simu. “Mzee, chora saa. Iwe saa kumi na moja na dakika kumi.” Nikachora: mshale mfupi umeipita tano kidogo, mrefu kwenye mbili. Akaguna, akaweka mkasi, akamgeukia binti yangu kana kwamba mimi kabati: “Mzee ameanza kupotea, muwe mnamwangalia.”

Kupotea! Saa kumi na moja jioni, watu wanagombania daladala, mshale mfupi unakuwa wapi nchi hii kama si kwenye tano? Kipimo kimetungwa Montreal, huko Kanada, karatasi ni ya Kiingereza; yeye katafsiri namba, saa yenyewe kaiacha hukohuko. Ilikuwa aseme saa tano na dakika kumi, basi! Nikamwambia, “Mwanangu, hebu tazama saa ya ukutani.” Akanijibu nisipandishe presha. Ikapanda. Wiki ile sikukanyaga.

Nyota moja, na hiyo ni ya kiti.

Ila, haya, kulikuwa na maneno matano ya kushika kichwani. Dakika tano baadaye nilikuwa na mawili, kanisa na nyekundu. Yale matatu yalishakwenda zake, na hapo hakuna wa kumlaumu kwa tafsiri. Juzi binti kanikuta jikoni na kidonge mkononi, najiuliza hiki cha asubuhi ni cha kwanza au nimeshameza kingine. Hakusema kitu. Kesho yake kaja na kile kikasha cha vyumba saba, Jumatatu hadi Jumapili.

Basi nyota tatu. Wale vijana wa mazoezi wapeni tano, Jumatano nina zamu ya baiskeli na nitakwenda. Yule dada simpi hata nusu. Bado hajaniamkia.