Uzoefu wangu na akademi ya mpira wa kikapu: mtoto kasema goti linauma, kaambiwa anadeka

Nimejizuia kuandika haya kwa muda, lakini kila nikimwona binti yangu anashuka ngazi upande upande, hasira inanipanda upya.

Ana miaka 12, na tangu ashike mpira wa kikapu hana wimbo mwingine: anataka kuwa mchezaji wa kulipwa. Sisi wazazi wake tukaamua kumshika mkono. Tukajibana, tukalipa ada, zamu ya kumpeleka na kumrudisha ikawa yangu. Mafunzo yenyewe, niseme kweli, si mabaya. Aliingia hawezi kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, leo anakupita upande wowote.

Basi majuzi akaanza kulalamika goti. Nikalitazama chini ya taa. Chini kidogo ya pia ya goti, pale ugoko unapoanzia, pana kinundu kigumu kama kokwa. Ukikigusa tu anashtuka. Mazoezi yaliyofuata nikamwendea kocha mkuu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, naomba leo asiruke, goti linamsumbua."

Hakuinama hata kuliangalia. Alipaza sauti watoto wote wasikie: "Mama, huyu anadeka. Kama unamwonea huruma, mrudishe nyumbani akacheze na midoli." Akapuliza kipenga, akamwongezea mizunguko ya kuruka. Na mwanangu akaruka. Machozi yanamtoka, anaruka, macho yake kwangu. Mimi nimesimama kando ya mstari, nimenyamaza, naogopa kumharibia nafasi yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Daktari wa mifupa alilibonyeza mara mbili tu akajua. Ni Osgood-Schlatter: mtoto akirefuka kwa kasi, kano inayotoka kwenye msuli wa paja huvuta pale inaposhikilia mfupa wa ugoko, na mfupa wenyewe hapo bado haujakomaa. Kila mruko unavuta tena. Apunguze kuruka na kukimbia, awekewe barafu baada ya mazoezi, anyooshe misuli ya paja. Mara nyingi huisha ukuaji ukikamilika. Ugonjwa huu Osgood na Schlatter waliueleza mwaka 1903! Zaidi ya miaka 100, na mtu anayewarukisha watoto wa umri huu huu kila siku hajui kuuliza panauma wapi?

Nilikusudia kutoa nyota moja. Lakini kocha msaidizi, dada mmoja mpole, alinipigia jioni ileile bila kutumwa na mtu, akataka kujua daktari kasemaje. Tangu hapo anampangia kutupia kikapuni akiwa amekaa kwenye kiti, wenzake wakiruka. Nimemwona mwanangu akicheka tena. Kwa ajili ya dada yule, nyota tatu. Hapana, mbili. Kocha mkuu hajaniomba radhi wala hajamwomba mtoto, na nilipopeleka malalamiko kwa uongozi nikajibiwa kwamba ndivyo alivyo, tumzoee. Nizoee nini? Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa, waulize nani huwa anamtazama mtoto akisema anaumwa. Mimi sikuuliza.

Muhula mpya unakaribia. Fomu iko mezani, binti yangu ameshaandika jina lake kwa herufi kubwa. Pa kuweka sahihi ya mzazi bado pako wazi.