TAHADHARI: Nozeli "mpya" za Hilux D-4D zinazouzwa Kariakoo, na kwa nini wanazitaka zako za zamani

Wadau, habari za kazi. Mimi ni fundi wa dizeli, gereji iko Tabata. Kuna duka la spea maeneo ya Kariakoo linauza nozeli, vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda, za injini ya 1KD, ile D-4D ya 3.0 iliyomo kwenye Hilux na Prado nyingi hapa mjini, wakidai ni mpya za kampuni ya Denso ndani ya boksi. Si mpya. Jina la duka siliandiki, na hata ningeliandika lisingewasaidia sana, kwa sababu mchezo huu hauhitaji duka. Unahitaji winga, yaani dalali wa mtaani, rangi ya kupuliza na mtu mwenye mashine ya kuchapa lebo.

Unaanzia kwenye gari kumisi. Asubuhi ukiwasha linatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, moshi mweupe unatoka ukinuka dizeli mbichi na kuchoma macho, likipata joto linatulia kidogo lakini halivuti. Unalipeleka kwa fundi maiko, yule wa kubahatisha. Anasikiliza, anatikisa kichwa: "Bosi, nozeli zote nne zimekufa." Hajapima chochote. Anapiga simu, winga anafika na pikipiki akiwa na maboksi manne. Laki nne kila moja, bei ambayo kwa nozeli mpya halali ni ndogo mno, halafu anaongeza lile neno tamu: "Tuachie hizo za zamani, tunakutolea elfu hamsini kila moja."

Faida yao iko kwenye neno hilo. Gari la silinda nne likimisi, mara nyingi nozeli mbovu ni moja. Wakati mwingine hata moja hakuna, tatizo ni kompresheni au waya. Kwa hiyo umewaachia tatu nzima kwa bei ya chakula cha mchana cha ofisi yao. Zinaoshwa, zinasuguliwa kwa brashi ya waya, zinapuliziwa rangi ya fedha, zinaingia kwenye boksi jipya na kumsubiri mteja mwingine.

Nimejuaje? Nikipima nozeli huwa naikwaruza kwa msumari ubavuni namba ya silinda ilikotoka, kwa alama zangu mwenyewe, zisichanganyike mezani. Kuna mzee mmoja mwenye Hilux ya kubebea saruji, nilimpimia zake nikamwambia ya silinda ya tatu ndiyo mbovu, tatu zilizobaki zinafaa. Akaenda kutafuta bei nafuu kwa winga, akanunua huko na kuziacha za zamani. Muda si mrefu kijana mwingine kabisa akaniletea boksi "jipya" nimfungie. Nikaifuta moja kwa petroli, rangi ikatoka na kitambaa, na chini yake nikakuta mikwaruzo yangu miwili pamoja na nukta. Ilikuwa nozeli ya silinda ya pili ya yule mzee.

Jambo la pili lililowaumbua ni kodi, yaani "code", si kodi ya serikali. Nozeli ya 1KD ina kodi ya fidia juu ya kichwa chake, herufi na tarakimu 30, ambayo fundi huiingiza kwenye kompyuta ya gari ili ijue tofauti ndogo ya nozeli hiyo katika kumwaga mafuta. Kila nozeli ina ya kwake. Yule kijana alikuwa na nozeli nne na kodi moja, ileile, kwenye lebo zote nne. Waliona shida kuchapa nne tofauti.

Sasa kabla hujampa mtu hela, gari lipimwe. Fundi mwenye skana nzuri ataingia kwenye data na kuangalia masahihisho ya mafuta kwa kila silinda, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza kiasi gani ili injini izunguke sawasawa. Mimi ikizidi 3 kwenda juu au chini, kwa milimita za ujazo, silinda hiyo naiwekea alama ya kuuliza. Bado sijasema nozeli imekufa. Naihamishia nozeli hiyo silinda nyingine, naingiza kodi upya, napima tena. Ugonjwa ukihama nayo, ni nozeli. Ukibaki palepale, achana na nozeli kabisa, pima kompresheni, angalia tapeti, kagua waya na soketi. Fundi anayeruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye "zote nne" anakula cha juu kwa winga, na wala sitafuti neno la kistaarabu la kuliita hilo.

Mwingine atawaonyesha kipimo cha kizamani: injini ikiwaka, analegeza nati ya bomba la nozeli moja moja kusikiliza ipi haibadilishi mlio. Kwenye 5L na 3L, zile za pampu ya kawaida, sawa, tumeishi hivyo miaka yote. Kwenye komoni reli kama 1KD, ambako bomba moja la presha kubwa (reli) linalisha nozeli zote, ni marufuku. Mle ndani presha hupita bar 1,000 injini ikibeba mzigo, na mchirizi wa mafuta wa namna hiyo unatoboa ngozi na kuingia mwilini. Ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama tundu linaonekana dogo. Halafu kipimo hicho hakikuambii kitu, kwa sababu ukilegeza bomba moja unapoteza presha ya reli nzima na injini yote inalegea.

Kuna madhara mengine ya hizi nozeli za kuchakachua yanayozidi hela ya nozeli. Wanaozifunga hurudishia washa ya kopa ya zamani, ile pete ya shaba inayokaa chini ya nozeli. Washa hiyo ikivujisha, moto wa silinda unapanda, unaingiza masizi kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili kule kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na siku moja taa nyekundu ya oili inawaka ukiwa umebeba mzigo Kibaha. Injini za 1KD zimekufa nyingi kwa njia hiyo. Kila nozeli ikifunguliwa, washa mpya. Bei yake haifiki hata ya mafuta ya kwendea kuinunua.

Ukinunua, fungua boksi palepale. Piga kitambaa chenye petroli. Angalia ncha kama ina weusi kwenye vitundu, na mahali kishikio kinapokaa kama pana alama ya chuma kubanwa. Linganisha kodi zote nne. Dai risiti ya EFD yenye neno "mpya" na jina la duka, na lipia kwenye lipa namba yenye jina hilohilo, si namba ya winga. Muuzaji akikuambia "spea ya umeme hairudishwi", mwambie tukaipime kwanza kwenye benchi ya nozeli. Akikataa, umeshajibiwa.

Za zamani ondoka nazo. Hata ile mbovu. Ukitaka kuziuza, uza baadaye kwa unayemjua anazikarabati kihalali na kuziuza kama zilizokarabatiwa. Wapo, na kazi yao si dhambi.

Yule mzee alilipa kwa simu kwenda namba ya mtu binafsi, akapewa karatasi ya mkono isiyo na jina. Kijana ana risiti ya EFD, kwa hiyo kwa niaba yake tumepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, pamoja na picha za lebo nne zenye kodi moja. Kama umenunua nozeli za 1KD Kariakoo hivi karibuni, angalia lebo zako. Zikifanana, usizitupe na usiguse maboksi; piga picha kila upande, ambatanisha risiti, peleka na wewe.